Luhaga Akubali Kutahiriwa

Kila alipotoka shule, Minza alibadili sare, akala viazi vya kupasha, kisha akamfuata mama yake shambani kuchuma pamba. Zamani walikuwa wakiimba wakichuma. Tangu Athanasi afariki, mama Domitila hakuimba tena.

Athanasi alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alinunua ng'ombe kwenye mnada wa Nkoma na kuwauza kwenye minada ya mbali. Akiwa safarini alikuwa na wapenzi huku na kule. Alipoanza kukonda alisema ni uchovu tu. Alipokubali kupima, UKIMWI ulikuwa umemmaliza, na dawa zikamkuta amechelewa. Sasa biashara ile ilikuwa mikononi mwa mdogo wake, Luhaga.

Siku moja, wakati wa chakula, Minza alisema, "Kaka, mwalimu ametuambia zahanati inatahiri wanaume bure. Tohara hupunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI."

"Mtu mzima kama mimi?" Luhaga akaguna. "Wenzangu mnadani watanicheka."

"Ukoo wetu hautahiri," akadakia baba yao, mzee Mayige. "Babu zenu walikufa wazee bila kuguswa na kisu."

Minza akainamisha macho. "Athanasi hakufa mzee, baba."

Mama Domitila alijifunika uso kwa khanga, akalia kama siku ya mazishi. Hakuna aliyekula tena. Mwishowe mzee Mayige akasema kwa sauti ndogo, "Luhaga, kesho tutakwenda pamoja."

Zahanatini, ambako Minza aliwasindikiza, Luhaga alipimwa kwanza. Hakuwa na maambukizi. Alipoingizwa ndani, mzee Mayige alimgeukia muuguzi Eufrasia.

"Binti yangu, yule mwanangu wa kwanza ningemleta hapa atahiriwe, angepona?"

Eufrasia akakaa karibu naye. "Hilo hakuna ajuaye, baba. Tohara hupunguza hatari, haiiondoi. Bado mwanamume anapaswa kuwa mwaminifu, kutumia kondomu na kupima mara kwa mara. Na mwenye virusi akianza dawa mapema, huishi miaka mingi. Ugonjwa huu una dawa za kuutuliza. Aibu haina dawa, ndiyo inayotuzikia vijana."

Mzee Mayige akalia palepale kwenye benchi, mbele ya watu. Minza, ambaye hakuwahi kuyaona machozi ya baba yake, alimshika mkono. Hakuuachia mpaka Luhaga alipotoka, akitembea taratibu.