Maji Chini ya Kitanda cha Mzee

Katika nyumba nyingi asubuhi huanza kwa mtu kufungua dirisha. Kwa akina Chiriku, asubuhi ilianza kwa kuikunja nyumba yenyewe. Vitanda vilikunjwa vikawa viti, meza ikashushwa kutoka ukutani, na aliyechelewa kuamka alikunjwa pamoja na godoro lake mpaka apige kelele. Nyumba hiyo ilikuwa basi kuukuu lililong'olewa viti, kisha likatiwa vitanda, jiko la gesi, friji dogo na mapazia ya maua. Watu waliokutana nalo barabarani waliliita gari-nyumba.

Mama ndiye aliyeliendesha. Baba alikuwa fundi wa pampu za visima, na kila likizo ya shule familia nzima ilifuatana naye mji hadi mji, akitengeneza pampu zilizoharibika. Msaidizi wake alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Mjomba alijua kila kitu, na asichokijua alikijua zaidi.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Mdogo wake wa miaka sita aliitwa Mzee. Alitembea huku amefunga mikono nyuma, alikohoa kabla ya kusema, na akikutana na mtu mzima alimuuliza habari za nyumbani kwake kana kwamba yeye mwenyewe ana wajukuu.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Kazi ya Chiriku ilikuwa kuhakikisha gari limesimama sawasawa, maana nyumba ya magurudumu haichagui uwanja. Kila waliposimama, aliweka pimamaji juu ya kabati la jikoni. Hicho ni kifaa kama rula, chenye kichupa cha maji na povu dogo la hewa ndani yake. Povu likikaa katikati, gari liko sawa. Likikimbilia upande, Baba huweka mbao chini ya magurudumu ya upande ulioinama. Ilikuwa kazi ya dakika chache, lakini hakuna aliyeruhusiwa kufanya lolote kabla Chiriku hajasema kuwa gari liko sawa.

Safari hiyo walisimama katika uwanja wa shule moja iliyokuwa na kisima kibovu. Watoto wa jirani walilikimbilia gari wakicheka na kupiga makofi, na Chiriku akaruka nje kabla vumbi halijatua, ili awaonyeshe kwamba nyumba yao ina honi. Baba akachungulia dirishani akamuuliza kama gari limekaa sawa.

"Liko sawa, Baba!" akajibu Chiriku bila hata kugeuka.

Pimamaji lilikuwa bado limelala ndani ya droo.

Asubuhi iliyofuata Mama alikanyaga maji. Yalikuwa yametuama kando ya kitanda cha Mzee, ambacho kilikuwa cha chini kabisa, na ukingo wa godoro lake ulikuwa umelowa. Mama akayatazama maji, akamtazama Mzee, akashusha pumzi.

Mzee akakohoa. Akasema kwamba yeye ni mtu mzima na hawezi kufanya jambo kama hilo.

Mjomba akaitwa kutoa maoni, ingawa hata asingeitwa angeyatoa. Alipiga magoti, akainamisha pua hadi karibu na sakafu, akanusa kwa muda mrefu, kisha akatangaza kuwa ndiyo yenyewe, harufu ya mkojo. Hakuna aliyekumbuka kwamba Mjomba alikuwa na mafua, na kwamba tangu wiki iliyopita alikuwa hajasikia harufu ya kitu chochote, hata ya soksi zake.

Hukumu ikapita. Mzee akakatazwa kunywa maji tangu alasiri, na jua la mji ule lilikuwa kali. Kesho yake maji yakawa palepale. Siku ya tatu yakaongezeka. Mama, ambaye alikuwa amechoka kuanika godoro mbele ya watoto wa mji mzima, akaamua kwamba Mzee atapelekwa kwa Shangazi akae huko mpaka akauke. Shangazi aliishi mji wa pili, naye alisifika kwa kukausha watoto.

Uamuzi huo ulimuumiza Mzee kuliko kiu. Baba alikuwa amemwahidi kwamba pampu ya shule ikipona, yeye ndiye atakayebonyeza kitufe cha kuiwasha, mbele ya walimu na wanafunzi wote. Mzee alikuwa ameshaandaa hata hotuba. Sasa kitufe kitabonyezwa yeye akiwa kwa Shangazi, anakauka.

Alasiri hiyo Chiriku alimkuta mdogo wake anafungasha. Alikuwa amekunja nguo zake mbili vizuri, na sasa alikuwa anaokota gololi zake chini ya kitanda.

"Gololi hizi zina adabu," Mzee akasema. "Nikiziacha pale kwenye friji, zinakuja zenyewe mpaka kitandani kwangu. Hazijawahi kunipotea tangu tufike hapa."

Akamwonyesha. Aliiweka gololi moja mbele ya mlango wa friji, upande wa pili wa basi, akaiachia. Gololi ikajikokota, ikashika kasi, ikavuka sakafu yote na kuishia kwenye mguu wa kitanda, pale pale maji yalipokuwa yakituama kila asubuhi.

Chiriku akaifuata njia ya gololi kinyumenyume hadi kwenye friji. Kisha akapeleka kidole chini ya mlango wa friji. Palikuwa pamelowa. Akakumbuka kwamba barafu ya friji ikiyeyuka, maji yake hushuka ukuta wa nyuma hadi kwenye kijifereji, yakatokea kitundu kidogo na kwenda nje kwa mpira. Lakini gari likiinamia upande wa mlango wa friji, maji hayo hayawezi kupanda kilima kwenda nyuma. Yatakuja mbele, yatatoka mlangoni, yatafuata njia ya gololi.

Na gari lilikuwa limeinama, kwa sababu yeye alisema liko sawa.

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa kusema kweli. Lilikuwa kulisawazisha gari kimyakimya, maji yakome, na watu waamini kwamba Mzee amepona. Akatoka nje, akachukua ubao mmoja, akausukuma chini ya gurudumu. Haukuingia. Akaugonga kwa jiwe, akausukuma kwa mgongo, akakita miguu ardhini na kusukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Basi halikutikisika hata kidogo. Alipogeuka, Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Dada," akasema kwa upole, "hilo ni basi."

Chiriku akaketi chini akahema. Mzee naye akaketi, akalamba midomo yake iliyokauka.

"Eti kwa Shangazi huwa wanaruhusu maji saa ngapi?"

Hapo Chiriku akaona aibu ya kweli. Akamshika mdogo wake mkono, wakaenda moja kwa moja kisimani. Baba na Mjomba walikuwa wamejaa grisi hadi kwenye nyusi, na Mama alikuwa amewaletea uji.

"Si Mzee," Chiriku akasema, na kwa mara ya kwanza maneno yake yalikuwa machache. "Ni friji. Gari limeinama. Nilisema liko sawa wala sikupima."

Baba akaweka chini spana. Wote wakarudi garini, Mama akaliwasha akalisogeza, Baba akapanga mbao, na pimamaji likatolewa kwenye droo. Safari hii Chiriku alilipima gari kwa urefu na kwa upana, akangoja povu litulie katikati, ndipo akasema.

Baba akafungua friji ili afurahie kazi. Kijifereji cha nyuma kilikuwa kimejaa pomoni, na maji hayakushuka hata tone. Akakuna kichwa. Gari limekaa sawa, kitundu kiko palepale, mbona maji yamegoma?

Hapo Mjomba akakumbuka kwamba ameacha kitu muhimu sana kisimani.

"Rudi hapa," akasema Mama. Alimlea Mjomba tangu akiwa mtoto, na alikijua kisogo chake kinapokwepa kosa.

Mjomba akarudi. Akamtazama Chiriku, aliyekuwa bado na macho mekundu, akaona haya kushindwa na mtoto. Akaeleza kwamba siku waliyofika aliona maji yanadondoka kutoka kwenye mpira ulio chini ya gari, akadhani friji linavuja, akauziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia, kama madereva wanavyoziba tangi la mafuta. Alikusudia mema.

Baba, aliyewapatia maji watu wa miji mingi, akainama kuuchungulia mpira. Mama akasema kwamba mganga hajigangi, kisha akamwamuru ndugu yake aingie chini ya gari na waya. Mjomba akalala chali, akaanza kuchokoa huku akifafanua kuwa sabuni ile, kitaalamu, ilikuwa imeshika vizuri mno. Alikuwa katikati ya neno "kitaalamu" kwa mara ya pili sabuni ilipotoka. Maji yote ya friji yakamwingia mdomoni. Akatoka huku anatema mapovu, na Mzee akamuuliza kwa heshima kama yeye naye atapelekwa kwa Shangazi.

Walicheka mpaka Baba akashika ubavu. Mama alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alichuchumaa mbele ya Mzee, akamwambia kwamba alimhukumu bila kuchunguza, na kwamba anamwomba radhi. Mzee akafikiri kidogo, akasema yamekwisha, ila anaomba maji. Akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili.

Kisha Mama akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, ukisema kazi umeifanya nawe hujaifanya, uongo wako haukai kwako peke yako. Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe ulicheza na wenzako, mwenzio akalala na kiu. Lakini leo umesema kweli kabla hatujakushika, na ukweli wako umemtoa hata Mjomba wako mafichoni. Kuanzia sasa kazi iseme kwanza, wewe useme baadaye."

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake sakafu ilikuwa kavu, na pampu ya shule ilikuwa tayari. Walimu na wanafunzi wakakusanyika kisimani. Mzee akapandishwa juu ya ndoo, akakohoa, akaanza hotuba yake kwa kuwauliza wote habari za nyumbani. Baba akamnong'oneza kwamba watu wana kiu.

"Najua," Mzee akasema. "Kiu nimeionja." Akabonyeza kitufe, na maji yakatoka.