Aliyeita Chini ya Sakafu

Asubuhi ya nne mfululizo Mbuyu aliamka akakuta upande wa mumewe kitandani haujakunjika. Shuka lilikuwa limenyooka vilevile alivyolitandika. Alipotoka uani alimkuta Tshiamala amekwisha kufagia, amejaza maji mapipa mawili, amefyeka majani yote ya ua, na sasa yuko juu ya bati anagonga misumari, anaimba wimbo wa kanisani, na jasho linamtiririka ingawa ilikuwa baridi ya mwezi wa sita.

"Tata Rachelle, haukulala tena?"

"Kulala ya nini, Mama Rachelle? Kazi iko mingi."

Mbuyu alicheka. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alicheka. Alikwenda shuleni kwa wanafunzi wake wa darasa la pili akiwa na moyo mwepesi, akawaambia walimu wenzake kwamba mume wake amefufuka.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Tshiamala alikuwa mchimbaji wa mikono, na miezi miwili nyuma shimo lao lilikuwa limeporomoka, ndani ya eneo la kampuni ambamo walikuwa wakiingia kwa kujificha. Yeye alikuwa juu, anavuta kamba. Nkulu, rafiki yake wa miaka kumi, alikuwa chini. Siku mbili walichimba kumtafuta, wakimsikia akigonga jiwe kwa jiwe, kisha wakaacha kumsikia. Hawakumtoa. Wiki iliyofuata askari waliingia na malori, wakawafukuza wachimbaji wote, maelfu ya watu, wakachoma vibanda vyao vya turubai, na tingatinga likasawazisha shimo la Nkulu pamoja na mengine. Bei ya kobalti nayo ilikuwa imeanguka. Waliofukuzwa wengi walielekea machimbo ya Tenke, wengine wakarudi vijijini.

Tshiamala alikataa kwenda popote. Alikuwa na miaka minane wakati watu wa kwao, wa Kasai, walipofukuzwa Katanga, na alilala na wazazi wake wiki sita kwenye kituo cha treni wakisubiri behewa. "Mi siwezi kufukuzwa mara ya pili," alisema, akakaa kitini sebuleni mwa nyumba ya marehemu baba mkwe wake, nyumba ya zamani ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Dilala, mjini Kolwezi, na kwa wiki tano hakusema karibu neno lingine.

Kwa hiyo alipoanza kuimba juu ya bati, Mbuyu hakuuliza zaidi.

Lakini siku zilivyokwenda, furaha ile ilianza kuwa na harufu. Ilitoka bafuni, kama plastiki iliyoungua iliyochanganyika na kitu kitamu, ikashika kwenye mapazia na kwenye nywele za Rachelle, binti yao wa miaka sita. Bukari ya Tshiamala, ugali wake wa kila siku, ilibaki sahanini hadi ikakauka. Mashavu yakaingia ndani. Alisaga meno hata alipokuwa amenyamaza, na alikuwa akigeuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. Mbuyu alipokuwa akifua koti lake alikuta mfukoni kijibomba cha kioo kilichoungua, cheusi upande mmoja, na kifuko kidogo chenye chembe nyeupe, kama chumvi ya mawe.

Alimwekea mezani.

"Hii ni nini?"

Tshiamala alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kristali. Badereva ba kusini njo banaleta. Ule mukubwa wa shimo alikuwa anatupatia, juu tuchimbe siku mbili bila kulala. Nkulu njo alinionyesha namna ya kuvuta."

"Na sasa haiko shimo, unavuta ya nini?"

Akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kikavu. "Juu nikivuta, namusikia. Nkulu eko muzima, Mama Rachelle. Eko chini, anagonga. Ni sisi tulichimba fasi ya mubaya, mbali na ye."

Mbuyu alikitupa kile kifuko chooni. Tshiamala hakupiga kelele wala hakumgusa. Alitoka, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amepata kingine.

Siku ya Alhamisi Mbuyu alirudi kutoka shuleni akakuta chumba chao cha kulala kimefungwa kwa ndani. Alisikia sululu. Alipofunguliwa, aliona kitanda kimesimamishwa ukutani, saruji nyekundu ambayo baba yake alikuwa akiing'arisha kila Jumamosi imevunjwavunjwa, na katikati ya chumba kuna shimo ambalo hakuona mwisho wake. Si kazi ya siku moja. Shimo alikuwa amelificha chini ya kitanda na udongo nyuma ya choo, wiki nzima, wakati yeye anafundisha watoto kuhesabu. Kwamba watu wa Kolwezi wamechimba ndani ya nyumba zao wakitafuta kobalti, hilo Mbuyu alilijua. Lakini katika udongo ule hakukuwa na jiwe hata moja jeusi la kobalti. Ulikuwa udongo mwekundu mtupu.

Alimpigia simu Tante Tshibola, shangazi wa mumewe, aliyekuwa akiishi Mutshatsha na ambaye watu walimletea wagonjwa wa roho kutoka mbali. Mama yule alisikiliza bila kumkatiza.

"Nakuya na treni ya siku ya Mungu," alisema, yaani Jumapili. "Mpaka nifike, usimwache peke yake. Na mutoto asisogee karibu na ile tundu."

Kwa hiyo Mbuyu naye hakulala Alhamisi, wala Ijumaa. Jumamosi, saa saba mchana, jua likiwa limejaa uani na majirani wakisonga bukari, alikuwa ameketi jikoni, kichwa kikimwanguka kifuani, wakati Rachelle alipokuja akasimama mbele yake, kidoli mkononi.

"Mama, nani anagonga chini ya kitanda yangu?"

"Ni papa yako."

"Hapana. Papa eko kwa pompi. Uyu wa chini anaita jina yangu."

Mbuyu alitazama dirishani. Tshiamala alikuwa pale kweli, kwenye bomba, anajaza ndoo. Akaingia chumbani mwa mtoto, akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Saruji ilikuwa ya baridi. Mara ya kwanza hakusikia kitu ila damu yake mwenyewe. Kisha, karibu kabisa, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu, ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo. Na sauti ya mwanamume, tulivu, ikisema, "Rachelle. Rachelle, fungulia mi."

Uani ndoo ilianguka. Tshiamala alikuwa amesikia pia. Alipita mbio bila kuwatazama, akaingia chumba cha pili akajitumbukiza shimoni, na papo hapo Mbuyu akaona ufa ukitambaa ukutani kutoka chini hadi dirishani, na vumbi jembamba likimwagika.

"Kimbia kwa jirani!" alimwambia mtoto. "Usirudi mpaka nikuite mi mwenyewe!"

Kisha akashuka. Hakujua kushuka shimoni. Alishikilia vijitundu ambavyo mumewe alikuwa amechonga ubavuni kwa ajili ya miguu, akateleza, akachubuka magoti, akashuka tena, na kila hatua mwanga wa chumba juu yake ulizidi kuwa mdogo na ile harufu tamu ya plastiki ilizidi kuwa nzito, hadi miguu yake ilipogusa chini akagundua kwamba shimo halikuishia pale bali lilipinda, likaenda kama njia ya panya kuelekea chini ya kitanda cha mwanawe, na ndani ya njia ile, kwenye mwanga wa tochi ya kichwani, Tshiamala alikuwa amepiga magoti, sululu ameitupa, anaparua udongo kwa mikono, kucha zimeng'oka na yeye hana habari, huku moshi wa kristali ukiwa umetanda kiasi kwamba Mbuyu alipovuta pumzi ili amwite aliumeza wote.

Kisha ikaja ile sauti, na haikutoka kwa Tshiamala. Ilitoka nyuma ya ukuta wa udongo.

"Bado kidogo, ndugu yangu. Usichoke." Kisha ikamgeukia yeye. "Shemeji. Umechoka sana, weye. Vuta kidogo, utapumuzika."

Tshiamala akageuka. Alikuwa akitabasamu. Alimnyooshea kile kijibomba cha kioo kwa mikono miwili, kwa upendo, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula.

Mbuyu hakuwahi kumsimulia mtu sehemu hii, ila shangazi peke yake. Uchovu wa siku tatu ulimtoka mwilini kama nguo. Kifua kilifunguka. Aliona kwamba anaweza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wote kabla ya jioni, na kupaka nyumba rangi, na kumlea mumewe, na kutolala tena kamwe, na kwamba hakuna jambo lolote duniani lililokuwa gumu, na alipotazama chini aliona mkono wake umekwisha kukipokea kile kioo, na kwamba ulikuwa unakipandisha mdomoni, na kwamba yeye mwenyewe hakutaka uache.

"Njo vile, shemeji," ilisema sauti, kama mtu anayesifu. "Njo vile."

Shemeji. Neno lile lilimkwama.

"Nkulu hakuniita shemeji hata siku moja," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito. "Nilifundisha batoto yake. Alikuwa ananiita mwalimu."

Alikishusha kile kioo kifuani.

"Kama ni weye Nkulu, sema majina ya batoto yako."

Hakuna jina lililotoka. Kisha nyuma ya udongo kitu kikaanza kucheka, polepole, kwa sauti ambayo haikuwa ya Nkulu tena wala ya mtu yeyote, na mchanga ukaanza kudondoka mabegani mwao.

"Uyu haiko Nkulu," Mbuyu alisema. "Unasikia? Haiko ye!"

Tshiamala alikuwa akilia. "Niliyua haiko ye," alisema. "Tangu siku ya kwanza niliyua. Lakini anajibu, Mama Rachelle. Nikimwita, anajibu."

Mbuyu alikiponda kioo ukutani, akamshika mumewe mkanda wa suruali, akamburuta kinyumenyume. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Hapo ndipo alipojua ni kiasi gani cha mumewe kilichokwisha kuliwa. Walikuwa wamefika katikati ya ngazi ile ya vijitundu njia ilipojiziba nyuma yao kwa kishindo, ukuta wa chumba cha Rachelle ukaanguka ndani, na kitanda kikazama nusu.

Tante Tshibola alifika kesho yake, na kikapu cha majani na Biblia iliyofungwa kwa kitambaa. Alilitazama shimo, akamtazama Tshiamala aliyekuwa akitetemeka pembeni, akavua viatu.

"Tante, utamuombea sasa?" Mbuyu aliuliza.

"Alale kwanza. Mutu mwenye hajalala siku mingi hivi, siwezi kuyua nani anasema, ni yeye ao ni ule mwingine. Ita muganga wa dispansere."

Muuguzi alikuja, akampima, akamtundikia maji. Alisema jina la kile kitu, metamfetamini, na kwamba hakuna sindano ya kukiondoa. Ni kulala, kula, na watu wa kukaa naye. Tshiamala alilala siku tatu, akipiga kelele, akilowesha godoro, akiamka kuomba aletewe kidogo tu, kidogo sana, kisha akiwatukana kwa maneno ambayo Mbuyu hakujua kwamba anayajua.

Siku ya Jumatano, jua likiwa kali, shangazi alimsimamisha ukingoni mwa shimo. Alisoma zaburi, akanyunyiza maji ya majani kwenye pembe nne za nyumba, kisha akamwambia alete mwenyewe vifuko vyote alivyoficha. Vilikuwa sita. Kimoja kilitoka ndani ya kidoli cha Rachelle. Mbuyu alipoona hivyo alikwenda ukutani akageuza uso.

"Tupa," shangazi alisema.

Ilimchukua muda mrefu. Alivitupa kimoja kimoja, na cha mwisho kilipoanguka, pumzi ya moto ilipanda kutoka shimoni, ikavuma chumba kizima, ikapeperusha kurasa za Biblia, ikatoka dirishani, na mbwa wa mtaa wote wakalia kwa pamoja. Harufu ikaisha. Walijaza udongo hadi jioni, wote watatu, hata Tshiamala, akibeba karai kwa mikono iliyofungwa bandeji.

"Ule wa chini nimemutosha mu nyumba, ametoka," Tante Tshibola alimwambia Mbuyu wakinawa. "Kumutosha mu roho ya bwana yako, ile siwezi. Ile kazi ni yake."

Nyumba haikukalika tena. Mbuyu aliomba uhamisho, akafunga mlango wa baba yake, na wakapanda treni ya Mutshatsha na masanduku mawili. Kituoni Tshiamala alimbeba Rachelle mgongoni na hakutazama nyuma.

Kule alichoma makaa na kulima na shangazi yake. Alianza kula. Miezi mitatu ilipita, mashavu yakarudi, akawa akilala hadi jogoo anapowika. Alasiri moja Mbuyu, akipukuchua mahindi mlangoni, alimwona barabarani, karibu na magunia yake ya makaa, akizungumza na mwendesha pikipiki. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kisha Tshiamala akaja kwa hatua za haraka, akaketi chini kando yake, uso umekuwa wa majivu.

"Ni nani?"

"Simuyue. Lakini ye ananiyua kwa jina. Eko nayo mu mufuko." Alimwonyesha viganja vitupu. "Sikuchukua."

"Umefanya muzuri."

"Nishike mukono. Nishike mpaka ataenda."

Mbuyu aliacha mahindi, akaushika mkono ule wenye kucha mpya, laini kama za mtoto. Waliketi hivyo, wametazama chini, wakisubiri pikipiki iondoke. Haikuondoka. Ilibaki pale pale kando ya magunia, injini ikiunguruma polepole, kwa subira, jua likaanza kushuka, Rachelle akarudi kutoka kisimani akauliza mbona hawazungumzi, na bado ilikuwa ikiunguruma.

Mbuyu alimkalisha mtoto upande wa pili wa baba yake, akamwambia naye ashike mkono.