Magadi Ndani ya Githeri

Nduta wa kijiji cha Wamagana alikuwa mpishi mwenye haraka. Githeri yake haikukaa jikoni saa tatu kama ya wengine. Alitia kijiko kizima cha magadi, mahindi na maharagwe yakalainika upesi. Yale maji ya kahawia aliyamwaga nje.

Baba mkwe wake, mzee Ngatia, hakuwa na meno. Tangu mkewe afariki, hakutaka chakula kingine ila githeri hiyo, pamoja na chai nzito.

Mzee alikuwa fundi wa kupogoa kahawa, na majirani walimwita kila msimu. Siku moja alitoka shambani, akavua gambuti, na kokoto likaanguka. Soksi ilikuwa na damu.

"Baba, hukusikia hii kitu?" Nduta aliuliza.

"Miguu imekufa ganzi siku nyingi. Ni uzee tu. Kinyua achukue makasi yangu. Mimi nimemaliza."

Kinyua ni mwanawe, mume wa Nduta. Mzee alimpa makasi bila kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Nduta zaidi. Kesho yake alimpeleka zahanati.

Muuguzi, Sista Phoebe, alisafisha kidonda. Akapima sukari ya damu, maana kisukari nacho huleta ganzi, ikawa sawa. Kisha akauliza, "Nyumbani mnapika aje?"

Nduta alieleza yote, tena kwa fahari.

"Hiyo magadi ndiyo nashuku," Phoebe alisema. "Maharagwe na mahindi ziko na vitamini B1. Jina lake lingine ni thiamini. Imeundwa na sehemu mbili zimeshikana, na moja inaitwa pirimidini. Ukichemsha na magadi, thiamini inavunjika, haifanyi kazi tena."

"Kazi gani?" mzee aliuliza.

"Kugeuza chakula kuwa nguvu, guka," Phoebe alijibu, akimwita babu kwa Kikuyu. "Bila hiyo unashiba, lakini mishipa ya fahamu inabaki na njaa. Ya miguu ndiyo huumia mapema. Na ile thiamini kidogo imebaki, mnamwaga na maji. Chai nzito wakati wa kula nayo inaizuia kuingia mwilini."

Nduta aliinamisha kichwa. "Kwa hivyo ni mimi nimemharibia miguu?"

Mzee alimjibu kabla ya Phoebe. "Nani alikuwa anakuambia uongeze magadi? Si ni mimi?"

Phoebe alimpa mzee vidonge vya thiamini na tarehe ya kurudi. Hakumdanganya. "Mishipa inapona polepole, guka. Pengine isipone yote."

Nduta aliacha magadi. Sasa aliloweka maharagwe tangu jioni, akapika kwa moto mdogo, na maji yake yakawa supu. Githeri ya mzee aliiponda kwa mwiko. Siku ya kwanza mzee alinung'unika kwamba haikulainika vizuri, lakini alimaliza sahani. Chai aliingojea hadi baada ya kula, akiitazama birika kwa huzuni.

Miezi miwili ilipita. Asubuhi moja mzee alikuwa akikusanya matawi aliyokata Kinyua. Ghafla akaketi chini na kuvua gambuti. Nduta alimkimbilia.

"Ni nini, baba?"

"Kokoto," mzee alisema kwa hasira. "Inaniuma vibaya."

Kisha wote wawili wakalitazama lile kokoto dogo kwenye kiganja chake, na Nduta akaanza kulia kwa furaha.

Mzee alivaa gambuti, akainuka, akamwendea mwanawe.

"Kinyua," alisema, "lete makasi yangu."