Nimepata Mahari

"Kiama, Wakonyo ni nani?"

Alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Wakonyo gani?"

"Huyu wa Thika. Huyu ako kwa simu yako."

"Umeshika simu yangu?"

"Imelia ukioga. Jibu swali."

Akavuta kamba ya kiatu cha pili. Kiama akinyamaza, chumba chetu hapa Gitothua hujaa kimya mpaka unataka kufungua dirisha kitoke. Miezi saba amekuwa hivyo, tangu rafiki yake Njau aanguke kutoka kwa mjengo na kufa. Wote wawili walikuwa mafundi wa mawe. Mimi nilivumilia. Nilipika, nikangoja, nikamwangalia. Niliona vile aliacha kula, nikaona vile analala macho wazi. Halafu akaniambia amepata kazi Thika, Jumanne na Ijumaa. Nikafurahi. Lakini ni fundi gani wa mawe hurudi jioni na mikono safi kama ya karani?

"Ni mtu wa kazi," akasema.

"Kazi gani?"

"Kazi tu, Jenti."

Sikuhitaji kuishika simu tena. Meseji zote mbili zilikuwa zimekaa kichwani, nikamsomea.

Yeye alikuwa ameandika jana: "Wakonyo nimepata mahari. Kesho saa nane, Makongeni. Jentrix asijue."

Na mwanamke akajibu asubuhi: "Nimefurahi sana Kiama. Nitakungoja."

"Miaka mitatu nakaa na wewe," nikamwambia. "Baba yangu kule Webuye hajaona hata mguu wa kuku kutoka kwenu. Kila Krismasi ananipigia, 'Jentrix, huyo kijana ana watu ama aliokotwa?' Nakutetea. Nasema mjengo umesimama, nasema Kiama hayuko sawa. Kumbe mahari iko. Ni vile ni ya Wakonyo."

Akanitazama kama mtu ameulizwa njia ya mji hajawahi kufika.

"Si hivyo."

"Ni aje?"

Akachukua koti, akatoka.

Nikampigia dada yake Magdalene, anayeuza mboga Mugutha.

"Dada, unajua mtu anaitwa Wakonyo?"

Akakohoa kidogo. "Nani amekuambia?"

"Kwa hivyo unamjua."

"Jentrix, tulia. Huyo mama anamsaidia Kiama."

"Anamsaidia na nini ambayo mimi sina?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilimwapia sitasema."

"Familia yote inajua. Mimi ndio wa kufua soksi."

Nikakata. Nikatoa begi, nikatia nguo zangu zote, hata zile zilikuwa bado na maji. Nilikuwa nimeamua. Nikimwona naye kwa macho yangu, natoka hapo naenda Webuye na Gitothua hainioni tena.

Makongeni ya Thika ni kubwa, na mimi huko najua pahali pamoja tu, ule mjengo ambapo Njau alianguka. Tulikuwa tumeenda kuchukua vyombo vyake vya kazi. Nikasema nitaanzia hapo, nikiulizia. Sikufika mbali na kuulizia.

Geti la mabati lilikuwa wazi. Ghorofa lilikuwa bado limesimama vile waliliacha, bila madirisha. Chini yake, karibu na rundo la mchanga, mwanamke wa miaka kama hamsini alikuwa anachanganya simiti, gambuti za mpira mguuni, sketi ameifunga juu na leso. Kiama alikuwa amempa mgongo, mwiko mkononi, anapanga mawe. Ukuta ulikuwa umefika magoti. Na alikuwa anaongea.

Msomaji, ningemkuta amembusu ingeniuma kidogo. Lakini kuongea? Miezi saba napewa "ndiyo" na "sijui", na hapa sauti yake inatiririka, anamwambia mwanamke mwingine vile Njau alipenda kuimba vibaya akiwa juu.

"Kumbe harusi ni hapa," nikasema.

Mwiko ukaanguka. Mwanamke akapangusa mikono kwa leso.

"Wewe ni Jentrix."

"Na wewe ndio unalipiwa mahari."

"Nalipiwa nini?"

"Usinichezee, mama. Nimesoma. 'Wakonyo nimepata mahari.' Ukajibu umefurahi."

Mwanamke akamwangalia Kiama. Kiama akafungua mikono.

"Si uliniambia nitafute mahari pa kuongea? Nikatafuta. Nikapata mahari."

"Mahali," Wakonyo akaniambia polepole. "Anamaanisha mahali. Sisi watu wa huku ulimi wetu huchanganya r na l, na yeye anaandika vile anasema. Mimi ni kaunsela. Ofisi yangu iko mjini, juu ya duka la dawa."

Kama walingoja nicheke, sikucheka.

"Kaunsela gani huvaa gambuti?"

"Wa Kiama. Nina mama mmoja hawezi kuongea mpaka tuchambue mboga pamoja. Nina mwalimu hukaa mbele yangu na kuniandikia barua, nami namwandikia majibu, tunapeana hapo kwa meza. Huyu alikaa kwa kiti changu mara sita bila neno. Ya saba nikaona anapima meza yangu na kiganja, kama jiwe. Nikamwambia achague mahali, aje na mwiko."

"Vizuri. Umempa matope, anaongea kama redio." Nikasogea mpaka kwa ukuta. "Mimi niko na masikio mawili. Nalala naye kitanda kimoja. Nimemwomba neno moja, moja tu. Kwa nini wewe na si mimi?"

"Hilo si langu kujibu."

Nikamgeukia Kiama. "Basi jibu wewe. Na ukinyamaza leo, naenda, na hutaniona."

Akainama, akaokota mwiko. Akapaka tope juu ya jiwe, akalisawazisha. Akaongea na jiwe.

"Unakumbuka siku mke wa Njau alikuja kwetu akilia? Ulimwekea chai. Ukamshika mkono ukasema, 'Huyo mtu alifunga hiyo skafoldi ya miti ikafunguka, Mungu amnyime usingizi mpaka afe.' Nilikuwa hapo hapo na kikombe."

"Nilikuwa namfariji."

"Ni mimi niliifunga, Jenti."

Bati la geti likagonga, likanyamaza.

Nilitaka kusema pole. Kikatoka kingine.

"Na ukaniacha miezi saba na neno kama hilo mdomoni mwangu? Kwa nini hukuniambia siku hiyo hiyo?"

"Nilikuwa nangoja uliondoe."

"Ningeliondoaje na sikujua limekupata?"

"Nilijua nikikuambia utaniangalia. Wewe huangalia mtu mpaka ndani. Niliogopa kile utaona."

"Mimi nilikuwa nakuangalia ndio usife, Kiama. Mjinga wewe."

Wakonyo akanipa beleshi, kama mtu anampa mwenzake mtoto amshikie.

"Mgongo umeniuma," akasema. "Anahitaji mtu wa kumpelekea mawe." Akaenda kukaa kule getini, akatupa kisogo.

Nikaweka begi chini. Nikavua viatu.

"Lete jiwe," Kiama akasema, sauti ndogo.

Nikalibeba, nikalitupa karibu na mguu wake.

"Shika. Na usidhani nimekusamehe. Umenidanganya kila Jumanne na kila Ijumaa."

"Najua."

"Dada yako naye nitamfikia."

"Najua."

"Niko na hasira, Kiama."

"Naona."

"Hiyo kamba ya skafoldi ilikuwa aje? Anza asubuhi, mkipanda."

Akaanza. Mimi nilikuwa nimegeukia mchanga, sikumwangalia hata kidogo. Nilichimba, nikabeba, nikarudi, na kila nikirudi alikuwa bado anaongea. Alisema kamba ilikuwa mbichi na umande. Alisema Njau alimwuliza, "Imeshika?" naye akajibu, "Imeshika." Hapo akakwama. Mwiko ukawa unakwaruza jiwe moja, moja tu, bila kuweka kitu.

"Lile neno nimeliondoa," nikauambia mchanga.

"Umesema?"

"Nimesema nimeliondoa. Sasa endelea."