Picha ya Mwaka 2067

Wirot ndiye aliyemkuta. Alipanda ngazi za jengo la Bwana Khampan mapema asubuhi, saa moja imepita kidogo, matusi yamemjaa mdomoni. Usiku uliotangulia Khampan alikuwa amewaandikia wafuasi wake wote kwamba kamera anayoisifu Wirot inatoa picha zenye rangi ya mchuzi uliochacha. Watu hawa wawili kazi yao ilikuwa moja, kupambanisha kamera na kuwaambia wanunuzi ipi inatoa picha safi, na walichukiana kwa dhati. Wirot alikuja kumpasha ana kwa ana. Alipofika ghorofa ya tatu, chini ya ngazi ya chuma inayokwenda paani, matusi yote yakamkauka. Khampan alikuwa amelala chali, miguu juu kwenye vipandio, kichwa sakafuni, macho wazi.

Inspekta Duangjai alifika kabla barabara haijakauka. Ilikuwa tarehe kumi na moja Aprili, sikukuu ya kumwagiana maji iko mlangoni, na mvua ya alfajiri ilikuwa ya kwanza kutushukia baada ya wiki nyingi za moshi. Wanachoma mashamba, misitu inaungua, na sisi wa Chiang Mai tunakohoa mpaka tunakoma. Asubuhi ile, jamani, mlima wetu ulionekana, na hekalu liking'aa begani mwake. Watu walisimama barabarani kuutazama. Raha yenyewe haikufika hata saa nne, moshi ukarudi na kuumeza mlima wote.

"Ameteleza, afande," alisema Sajini Thongdi. "Vipandio vimelowa."

"Anayeteleza akishuka anakaa kitako, miguu inatangulia," alisema Duangjai. "Huyu kichwa kimetangulia. Alikuwa ameipa ngazi mgongo, Thongdi. Alikuwa anaongea na mtu, na huyo mtu akamsukuma."

Huko juu paani kulikuwa na kamera kubwa kwenye stendi ya miguu mitatu, imefunikwa mfuko wa plastiki. Hapo ndipo Khampan alipopigia picha zake za majaribio. Kamera ikitoka tu kiwandani, aliisimamisha pale pale, akaupiga mlima ule ule, kisha akazipanga picha ubavu kwa ubavu na kuanza kuzichambua. Kando kulikuwa na meza ya plastiki iliyojaa maji ya mvua, na juu yake kamera ndogo ya zamani, zile za kutumia betri za rimoti. Duangjai aliigusa. Ilikuwa imelowa tumboni tu, mgongoni ilikuwa kavu.

Thongdi aliiwasha. "Picha za moshi, moshi, moshi. Zote za tarehe tisa Aprili, 2024. Alikuwa anailinganisha na ile kubwa." Akabonyeza tena, akacheka. "Hii ya mwisho imepinda, imejaa chenga, na tarehe inasema kumi na moja Aprili, 2067. Saa yake imepata wazimu, afande. Inaota uzee."

Duangjai aliitazama picha ile. Ukingo wa paa ulikuwa umelala upande, mguu mmoja wa stendi umeingia, na nyuma yake mlima, msafi, na hekalu lake. Akaitia kamera kwenye mfuko wa ushahidi.

Katika jengo lile waliishi watu watatu. Khampan mwenyewe, mkewe Mama Saengda, na fundi wao wa kusafisha lenzi katika duka la chini, kijana wa kabila la Washan kutoka ng'ambo ya mpaka aitwaye Sai Murng. Mama Saengda alirudi kutoka hekaluni na bakuli tupu la wali, akaambiwa, akaketi sakafuni pale pale bila kulia. Alisema alitoka alfajiri kuwapa watawa sadaka, mume akiwa bado kitandani. Sai Murng hakuonekana.

Walimkamata saa sita mchana kwenye kituo cha mabasi, na kabla Duangjai hajavuta kiti vizuri, kijana akasema, "Mimi ndiye niliyemuua."

"Ulimuua vipi?"

"Nilimpiga nyundo."

"Wapi?"

"Kichwani. Dukani, chini. Jana usiku."

"Amekufa leo asubuhi, juu, na hajaguswa na nyundo," alisema Duangjai. "Mdogo wangu, mbona unajipalia makaa?"

Sai aliinamisha kichwa. Alikuwa na vidole vyembamba, safi kuliko vya daktari. "Dada, kibali changu kilikuwa kwa jina la Bwana Khampan. Yeye amekufa, na mimi sina karatasi. Mkiniachia tu, nachukuliwa hadi kwenye daraja la mpakani. Ng'ambo ya daraja kuna lori la jeshi linasubiri vijana wa kupeleka vitani. Kaka yangu alipandishwa mwezi wa pili. Mwezi wa tatu wakatuletea kofia yake." Akainua macho. "Jela yenu ina wali. Niandikie kesi, dada. Nitasema chochote unachotaka niseme."

"Na ulikimbia kwa nini?"

"Nilisikia Bwana Wirot anapiga kelele, nikapanda, nikaona. Nilijua maisha yangu yamekwisha. Hapo miguu haiulizi."

Nje ya chumba Thongdi alikuwa akifurahi. "Amekiri, afande! Sikukuu hii, watoto wananisubiri na mapipa ya maji. Tufunge jalada twende nyumbani."

"Amekiri uongo."

"Uongo aliousema mwenyewe. Tumemlazimisha sisi?"

Duangjai alichukua jalada. Aliagiza Wirot aletwe, maana mtu aliyemchukia marehemu na ndiye aliyemkuta hawezi kuachwa hivi hivi. Wirot aliingia amevimba kama chapati. Muuza supu wa mlango wa mbele alikuwa amekwisha kusema kwamba alimwona akiingia, na kelele zikasikika hapo hapo, muda wa kumaliza kijiko kimoja. Duangjai alijua hilo. Alitaka kitu kingine kwake, akamwekea mbele picha ile ya mwisho.

"Hii ni nini?"

"Hii ni takataka," alisema Wirot. "Ona chenga hizi! Ona rangi! Hata maiti ina uhai zaidi, Mungu amrehemu. Kamera hizi vijana wamezifufua siku hizi kwa ushamba wao tu. Khampan alitaka kuzilinganisha na mpya, nikamwambia unalinganisha punda na gari."

"Anaweza kuwa ameipiga yeye?"

"Khampan?" Wirot karibu asimame. "Nilimchukia yule mzee, lakini usimtukane. Khampan hapindishi ukingo. Na saa hii je? Kamera hizi ukizitoa betri zinasahau siku. Ukizirudishia, kitu cha kwanza zinakuuliza tarehe, na mwaka zinautaka kwa tarakimu mbili. Khampan alikuwa hafanyi jaribio bila kutoa betri baadaye, aliogopa zisivuje. Sasa aliyezirudishia amejaza upuuzi. Mtu wa kamera hawezi."

Duangjai alimpa maelezo yake asaini. Kisha akasaini yeye chini, na kama anavyofanya kwenye kila karatasi ya kazi, akaandika tarehe: 11/4/67. Kalamu ikabaki hewani.

"Thongdi," alisema taratibu, "mwaka huu ni mwaka gani?"

"Afande umechoka. Elfu mbili mia tano sitini na saba."

"Kwetu. Kwetu tunaohesabu tangu Buddha. Na kwao Sai?"

"Kwao ishirini na nne, kama dunia nzi..." Thongdi akarudisha macho kwenye picha.

"Sai angeandika ishirini na nne. Wirot angeandika ishirini na nne, maana mtu wa kamera anajua kamera haihesabu kama sisi. Khampan vivyo hivyo. Sitini na saba ameandika mtu wa kwetu asiyejua kamera kabisa. Saa haikuwa na wazimu, ilipewa sitini na saba ikasoma 2067. Na mlima umeonekana asubuhi moja tu tangu tarehe tisa, na kamera tumeikuta kavu mgongoni juu ya meza iliyolowa. Mtu huyo alikuwa paani leo, mvua ilipokatika."

Alijua jina tayari. Usiku ule, nyumbani kwake, Duangjai hakula. Angeweza kuliacha jalada lilivyo, na kijana angepata wali wake. Lakini mahakama haikugawii wali tu, inaweza kukugawia kifo, na aliyemsukuma mzee wa watu angebaki anapepea uvumba kwenye jeneza lake. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mimi simlaumu, wala simsifu.

Kesho yake mchana alikwenda kwa Mama Saengda. Majirani walikuwa chini wakipika chakula cha matanga. Chumbani walikuwa wawili tu. Duangjai aliweka kamera ndogo kwenye mkeka, na betri kando.

"Shikamoo, mama. Naomba msaada wako. Nataka kuiwasha hii, inanishinda."

"Mimi mambo haya siyajui, mwanangu. Yalikuwa ya mzee."

"Jaribu tu, mama."

Mama Saengda aliichukua. Akafungua mlango wa betri kwa ukucha, mahali pasipoonekana mpaka uwe unapajua. Akazitia, akaiwasha, na kioo kikauliza tarehe. Kidole chake kikaenda chenyewe, kumi na mbili, nne, sitini na saba. Akabonyeza kukubali. Kisha akaona Duangjai anavyomtazama, akaiweka kamera mkekani.

"Kila mwaka unafanya hivi," alisema Duangjai. "Sivyo?"

"Kila tarehe kumi na moja." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa na binti, Im. Alikufa kwa homa ya dengi, ana miaka sita. Picha zake za mwisho zilikuwa humu. Siku aliyokufa, kabla sijaenda kumtolea sadaka, nawasha namwangalia. Namsalimia. Namwambia mwaka huu ana miaka mingapi."

"Hamkuzichapisha, mama? Miaka yote hiyo?"

"Nilimwomba mzee. Akasema zina chenga, picha kama hizi haziwekwi ukutani kwa mtu kama yeye, ngoja azirekebishe kwanza. Nikangoja. Anajua picha kuliko mimi, nikangoja." Akacheka, kicheko kibaya. "Jana nikatia betri, nikaona moshi. Nikasogeza, moshi. Nikasogeza, moshi. Nikapanda paani nikamuuliza, Im yuko wapi? Akasema alihitaji nafasi ya jaribio, akafuta. Nikadhani sikusikia. Akasema, 'Saengda, zilikuwa mbovu zile, hata sura ilikuwa na ukungu.' Mbovu! Mimi nilimwona! Kila mwaka nilimwona, macho yake, pengo lake la mbele, mpaka ute wa pua nilikuwa nauona! Nikaikaba kamera hii, nadhani ndipo ilipolia na kupiga picha, kisha nikamsukuma kwa mikono yote miwili."

"Halafu?"

"Nikaiweka mezani. Nikamruka. Wali ulikuwa unapoa na watawa wanapita."

Chini mtu aligonga sufuria, mwingine akamkaripia. Mama Saengda alijifuta uso kwa upande wa sketi yake.

"Zinaweza kurudi, mwanangu? Mna mitambo yenu."

"Tumejaribu, mama. Kadi ni ndogo sana. Aliijaza mara mbili, mpya zikazifunika za zamani."

Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Kisha akasema, "Nimesikia Sai amekiri."

"Amekiri."

"Nimesikia na sababu yake. Kijana mzuri yule, anakula kwangu kila jioni. Anaitaka jela, inspekta. Mimi nilinyamaza nikasema basi, na apate anachokitaka. Wewe kwa nini usimwachie hiyo jela?"

"Kwa sababu hakuua."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo tu, mama."

"Haya," alisema Mama Saengda, akanyoosha mikono yake miwili apigwe pingu. "Ukiweza kulala, heri yako."

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu mji mzima ulikuwa unamwagiana maji. Duangjai alikuwa ameandika barua mbili, amepiga simu kwa kila mkubwa anayemjua, na kila mkubwa alikuwa likizo au alisema sheria ni sheria. Gari la uhamiaji lilikuwa tayari uani, injini inanguruma. Watoto walikuwa wameliloweka kwa bunduki za maji na dereva anawacheka.

Alikwenda mahabusu mwenyewe. Hakutaka Thongdi amwambie.

"Sai," alisema. "Tumempata aliyeua. Kesi yako imefutwa. Huna hatia."

Kijana alisimama. Alitazama mlango uliofunguliwa, akatazama gari la uhamiaji uani, kisha akamtazama yeye. Hakupiga kelele. Alionekana anatafuta kitu kichwani, anarudi nyuma siku hadi siku, hakioni.

"Dada," aliuliza, "nilikukosea nini?"