Mtoto wa Shairi

Kilichoanza kuingia sebuleni mwa Solange Pasquier ni harufu ya matete mabichi, alasiri ya baridi kali, madirisha yote yamefungwa. Alidhani ni nguo za mumewe, Anselme, ambaye hakuisha kuzurura kando ya mto Loire tangu binti yao Lucette azame humo. Lakini Anselme alikuwa amevaa nguo kavu, ameketi nyuma yake, akimsikiliza akipiga piano.

Anselme alikuwa mshairi. Baada ya msiba aliandika shairi moja tu: ukungu juu ya maji, matone yakidondoka kwenye nywele, mtoto akipanda kutoka mtoni. Solange, mpiga piano, akaligeuza muziki. Mkono wa kushoto ukawa maji yanayonung'unika. Wa kulia, ukidonoa sauti nyembamba moja moja, ukawa matone. Waliomsikia walisema maneno hayahitajiki tena.

Kila alipoupiga, harufu ilizidi. Halafu sakafu ikaanza kulowa. Halafu siku moja, katikati ya manung'uniko ya mkono wa kushoto, akasikia matone ambayo vidole vyake havikuyapiga, yakitokea ukumbini, yakisogea taratibu, yakipita kando ya kiti cha mumewe, hadi ubaridi ukamgusa kisogoni na kiganja kidogo kikashika upindo wa gauni lake.

"Usiache, mke wangu," Anselme alinong'ona huku akilia. "Amerudi."

Solange akageuka. Nywele zilikuwa za Lucette, na kidevu chake. Macho yalikuwa ya kijani. Lucette alikuwa na macho ya kahawia. Ukijani ule Anselme aliutia shairini ili vina vikae sawa.

Alimkimbilia Mama Perrine, ajuza aliyeagua watu waliopatwa na mambo ya mtoni. Ajuza alimwambia kuwa maji yana wenyewe, na mmoja wao amepata vazi.

"Mmemshonea ninyi, mwanangu, wewe na mumeo. Kampige kwa piano mtoto wako alivyokuwa, siyo alivyoandikwa. Vazi halitamtosha."

Kesho yake Solange akampiga Lucette: mbio zake za kuchechemea, kwikwi zake akicheka, mlango alivyoubamiza, ukaidi wake mbele ya supu ya vitunguu. Kile kiumbe kikaanza kuchuruzika. Anselme akapiga magoti, akakikumbatia, akamsihi mkewe amwachie hata huyu.

"Mama," kikasema, kwa sauti ileile ya Lucette, "nimekosa nini?"

Solange hakuinua mikono. Alipiga haoni vibonye kwa machozi, akapiga, mpaka mikono ya mumewe ikabaki imekumbatia maji matupu.

Anselme hakumlaumu kwa neno, wala hakuandika tena. Ila walipoketi mezani alimtazama kana kwamba ni yeye aliyemtosa Lucette mtoni. Na Solange, moyoni mwake, hakuona la kujitetea.