Ngano Iliyooshwa

Shaa. Shaa. Shaa.

Maji. Mengi. Yanamwagwa kwa nguvu, yanakatika, yanamwagwa tena.

Twalib aliyasikia kabla ya kuona chochote. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya bati la ghala moja huko Randburg, kifua kimeganda kwa baridi ya Juni, Glock 19 ikimchoma ubavuni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Idara ya ujasusi, kule Dar, ilitaka kujua kama humo ndani mna ngano ya msaada iliyoibwa.

Lakini ngano na maji wapi na wapi?

Akasogeza jicho kwenye tundu la msumari.

Vijana sita wenye buti za mpira walikuwa wakiimwagia maji ngano iliyotandazwa sakafuni. Maji yaliyokimbilia mtaroni yalikuwa na rangi ya waridi. Upande wa pili feni kubwa ziliikausha, na mashine zilishona magunia mapya. Kila gunia lilikuwa na chapa moja: ZAWADI YA WANANCHI WA TANZANIA.

Damu ikampanda. Jina la nchi yake, kwenye uchafu huu!

Kamera ndogo ndani ya kifungo cha koti ikapiga picha kumi.

"Mwewe, hapa Ngome." Sauti sikioni ilikuwa ya Burhani, mkuu wa kituo cha Johannesburg. Ndiye aliyemfundisha kushika bastola. Ndiye aliyemwoza binti yake, Nasra. "Umepata picha?"

"Nimepata."

"Basi toka. Mlango wa nyuma uko wazi. Usiguse kitu."

"Sawa, mzee."

Lakini Twalib alikuwa mbishi tangu alipokuwa mtoto Tanga. Akainua bati moja, akateremka kwa kamba nyuma ya lundo lililokuwa bado halijaoshwa, akachota konzi moja, akatia mfukoni. Kisha, badala ya kufuata mlango, akapanda tena kwa kamba ileile.

Kutoka juu akauona mlango wa nyuma.

Watu wawili walikuwa wamejibana ukutani, kila mmoja na AK yake.

Hawakuwa wakilinda. Walikuwa wakisubiri.

Mmoja akainua macho. Risasi ya kwanza ikatoboa bati. Ya pili ikapita penye sikio. Twalib akaruka ukuta, akaangukia majani makavu, akaiwasha Honda yake. Hakugeuka nyuma.

Moyoni alijiambia ni bahati mbaya tu. Alijiambia hivyo njia nzima hadi Yeoville.

*

Bukavu, kwao Kongo, Marcelline alikuwa mtaalamu wa kilimo. Hapa Yeoville alikuwa anasuka nywele saluni, na kumsaidia Twalib kwa siri. Alipoona punje za waridi kwenye kiganja cha Twalib, aliangusha kitana.

"Eh! Tupa iyo mu mufuko! Na unawe mikono na sabuni, mara mbili!"

"Kwani ni nini?"

"Iyo ni mbegu. Ya kupanda, hapana ya kula. Banaipakaa dawa ya kuua bidudu, banatia rangi juu mutu aone, asikule. Ukiosha, rangi inaenda. Sumu inabakia."

"Na mtu akila mkate wake?"

"Kwanza mikono inatetemeka. Kisha macho hayaone tena. Kisha..." Akamtazama mteja kwenye kioo, akashusha sauti. "Batoto ndio banatangulia, Twalib."

Mdogo wake, Thierry, alikuwa mlinzi kwenye ghala lile. Ndiye aliyewapa habari zote. Malori manne yangeondoka mchana huo, naye Thierry angesindikiza lori la mbele. Durban, kisha meli, kisha Bandari ya Sudan.

Twalib akaunganisha mwenyewe. Katika nchi zile mkate ni serikali. Ukipanda bei, mawaziri hawalali. Mkate ukiua watoto, ikulu inaungua. Na kuna mtu, taarifa za Idara zilishamtaja, ameshakaa tayari kuingia katika ikulu hiyo, amekwishawaahidi rafiki zake mashamba yote ya ngano kando ya Nile kwa miaka tisini na tisa. Lawama ingebebwa na nani? Na jina lililoandikwa kwenye gunia.

Akaukumbuka mlango wa nyuma. Nani mwingine alijua kwamba angepitia pale?

"Marcelline, una unga?"

"Ya duka, iko."

"Nipikie mkate."

*

Burhani, aliyealikwa kwa simu, alifika saa nane mchana, kanzu nyeupe chini ya koti la sufu, ananukia udi. Ilikuwa Idi pili.

"Idi mubarak, mwanangu! Alhamdulillahi, uko mzima. Nilihangaika."

"Nimepona, mzee. Karibu ndani."

Wakaketi chumba cha nyuma ya saluni. Marcelline alikuwa kwenye jiko, anakaanga samaki. Twalib akaweka mkate mezani, bado unatoa moshi.

"Nilichota ngano kule ghalani," akasema. "Marcelline ameisaga. Si ni ngano ya wizi tu? Karibu, tule haki ya wananchi."

Mkono wa Burhani, uliokuwa umeshanyooka, ukasimama.

Twalib alitamani mzee ale. Wallahi alitamani. Amege kipande kimoja, acheke, aseme hauna chumvi.

"Nimefunga," Burhani akasema.

Mafuta yalichemka jikoni.

"Umefunga?"

"Sunna tu."

"Jana tumechinja, mzee. Leo Idi pili. Ni wewe uliyenifundisha kwamba siku hizi hazifungwi."

Burhani akaurudisha mkono mapajani. Uso wake ulizeeka hapo hapo.

Twalib akamega mkate. Akatia mdomoni, akatafuna taratibu, akameza.

"Ni unga wa duka," akasema. "Kwenye karatasi za Idara, ile ya ghalani ni ngano kama ngano nyingine. Anayejua kwamba hailiwi ni yule aliyeamuru ioshwe. Ulinituma mlango wa nyuma, baba. Mimi! Mume wa Nasra!"

Mkono wa Burhani ukaingia ndani ya koti.

"Mzee!" Marcelline alikuwa nyuma yake, kikaango mkononi, mafuta yanaruka. "Weka iyo kitu chini, pole pole. Aya mafuta hayana adabu kwa bazee."

Bastola ya Makarov ikatua juu ya meza.

"Miaka thelathini," Burhani akanong'ona. "Wamenipa nini? Saa ya ukutani. Hawa wameniahidi shamba mtoni."

"Malori yako wapi?"

"Yanatoka getini sasa hivi. Umechelewa." Kisha macho yakamlegea. "Twalib, Nasra asijue. Niahidi."

Twalib alikuwa ameshafika mlangoni.

*

"Thierry, uko wapi?"

"Mu lori ya mbele. Kwa robot, taa ya mwisho mbele ya barabara kubwa ya N1. Iko nyekundu."

"Usiyaache yavuke!"

"Dereva atanipiga, kaka."

"Apige!"

Simu ikajaa matusi, kishindo, honi. Kisha sauti ya Thierry, anahema: "Ufunguo iko mu mutaro. Eish, amenipasua mudomo. Kuya mbio!"

Honda ililia kupita kati ya magari. Lori la kwanza lilikuwa limekwama kwenye taa, mengine matatu yamebanana nyuma yake. Mtu mmoja akaruka chini na AK. Twalib akapiga Glock mara mbili, akiwa bado mbioni. AK ikaanguka, mwenyewe akaketi barabarani ameshika bega. Kisha Twalib akayageuzia bastola malori ya nyuma.

Tairi. Tairi. Tairi.

Polisi walipofika, magunia yalikuwa yamepasuliwa, ngano imetapakaa kwenye lami. Twalib aliinua mikono, akawapa picha kumi na konzi moja ya punje za waridi kwenye mfuko wa nailoni.

"Msiiguse bila glavu," akasema. "Na nendeni Yeoville. Kuna mzee kwenye kiti cha saluni, amefungwa kwa nywele za bandia. Mtendeeni kwa heshima."

Thierry alicheka kwa mdomo uliovimba. "Sharp, kaka. Lakini ufunguo, mimi sishuke mu mutaro kutafuta."

Polisi walipokwisha kuandika maelezo yake, Twalib akampiga Thierry begani, akafunga zipu ya koti, akatembea peke yake ukingoni mwa barabara.

Simu ikatetemeka. Nasra.

"Idi mubarak, mume wangu! Baba hapokei simu. Mko pamoja?"

"Tulikuwa pamoja."

"Amekula? Usimwache akae na njaa, unamjua."

Alisimama. Upepo wa baridi ulimpiga usoni.

"Hakula, Nasra."

"Mbona sauti yako hivyo? Twalib? Baba ana nini?"

"Yu mzima. Nisikilize. Kesho nikitua Dar, siendi Idara. Nakuja kwako kwanza, nitaketi mbele yako, nitakuambia yote kwa mdomo wangu, wala sitakuficha hata neno moja. Nakuahidi."